Kazi ya Serikali na Moyo wa Mtumishi

Leo nataka kusema nanyi habari za kazi ya Serikali: namna ipatavyo kuwa kazi njema, na sababu za kuharibika kwake pengine, ijapokuwa fedha ipo, wakubwa wapo, na amri zimeandikwa vizuri. Wengi hudhani ya kwamba kazi njema ni kazi iliyokaguliwa sana. Ukaguzi una faida yake; lakini wahenga walisema, Hiari yashinda utumwa, na maana ya neno hili ilionekana wazi katika milima ya Uluguru.

Mtu atokaye Morogoro kwenda Matombo hupita Mkuyuni, na mkono wake wa kuume huiona milima imesimama kama ukuta. Maji ya milima hiyo huingia katika mto Ruvu, nao Ruvu hunywesha Dar es Salaam. Basi Serikali ya Waingereza ilipoona udongo ukichukuliwa na mvua, haikukosea kuogopa. Mwaka 1950 ilianzisha mpango mkubwa wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Kila mlipa kodi alitakiwa kukata matuta mapana, mfano wa ngazi, katika mteremko wa shamba lake. Na asiyekata alishtakiwa barazani akatozwa faini.

Shabaha ilikuwa njema. Lakini tazameni jinsi kazi yenyewe ilivyopimwa. Jumbe alisifiwa kwa wingi wa matuta yaliyokatwa na watu wake, wala si kwa mahindi waliyovuna. Katika mteremko mkali udongo wenye rutuba ni mwembamba. Mkulima akichimba tuta pana, udongo mwema hufukiwa, na ule wa chini usio na nguvu huja juu. Wakulima waliona kwa macho yao ya kuwa mahindi ya tutani yalikuwa dhaifu kuliko ya shamba la jirani lisilokatwa. Tena walikuwa na desturi yao ya zamani: kuvuta magugu na udongo kufanya vijingazi vidogo, majani yakafukiwa ndani yakaoza yakawa mbolea. Ujuzi huo haukuulizwa.

Liko na jambo la pili. Katika Uluguru ardhi ni mali ya ukoo, na wengi hulima shamba la kuazimwa. Mtu akifanya kazi ya kudumu katika shamba la wengine, wenye ardhi huingiwa na shaka, wakidhani ya kuwa anataka kulitwaa.

Sasa fikirini hali ya mtumishi aliyetumwa kusimamia kazi hii. Mbele yake yupo mkubwa wake mwenye kutaka hesabu. Nyuma yake wapo ndugu zake wenye kutaka chakula. Apeleke habari gani ofisini? Mtumishi asiyeweza kumwambia mkubwa wake ukweli hubaki kuhesabu tu. Na kazi ya kuhesabu haina moyo. Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Julai 1955 ghasia zilitokea Matombo, polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akauawa. Mwaka huo huo shuruti ya matuta ikaachwa. Lakini huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima, wakulima wa mboga wameendelea kutumia matuta, kwa kuwa mboga hupata maji na samadi, na faida yake mkulima huishika mkononi.

Msidhani ya kwamba habari hii ni ya wakoloni peke yao. Mwaka 2004 Serikali ya Tanzania iliweka utaratibu ulioitwa OPRAS. Mtumishi na mkubwa wake walitakiwa kukaa pamoja mwanzoni mwa mwaka wapatane juu ya kazi itakayofanywa. Katikati ya mwaka waitazame. Na mwishoni waipime kwa uwazi. Shauri hilo lilikuwa jema, kwa maana ndani yake mlikuwa na mapatano. Lakini utaratibu wowote wa namna hii, hata ule uliokuja badala yake, waweza kugeuka tuta lisilo na mahindi, karatasi zikijazwa ili zihesabiwe tu.

Basi, ninyi wanafunzi ambao kesho mtakuwa waalimu, makarani, waganga na mabwana shamba, shikeni mambo matatu. Kwanza, pimeni kazi kwa faida impatayo raia, si kwa wingi wa vitu vilivyofanywa. Pili, mkiwa wakubwa, waulizeni wadogo wenu walio karibu na shamba, wala msimkasirikie aletaye habari mbaya. Tatu, mkiwa wadogo, semeni kweli kwa adabu na mapema, kabla kosa halijakomaa. Mshahara humfikisha mtu kazini asubuhi. Lakini kinachomfanya aitengeneze kazi vema pasipo kuonwa na mtu ni kujua maana yake, na kuwa na sehemu yake katika shauri lake.