Maji Maangavu Si Ushahidi: Namna Sumu za Migodini Zinavyopimwa

Mada kwa wakazi wa kata zenye uchimbaji mdogo wa dhahabu



Katika ukanda wa dhahabu unaoanzia Geita hadi Kahama, mkoani Shinyanga, kisima chaweza kutoa maji maangavu, matamu na yasiyo na harufu, na bado yakawa na sumu. Jicho halioni zebaki iliyoyeyuka. Ulimi hauonji arseniki. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi arseniki. Maji yapunguapo sufuriani, arseniki hubaki na kukolea.

Sumu hizi mbili zina asili tofauti. Zebaki huletwa na binadamu: mchimbaji huichanganya na mchanga uliosagwa kwenye karasha ili inase dhahabu, kisha huchoma donge lililopatikana. Mvuke wake huvutwa na mchomaji na watoto walio karibu, na sehemu nyingine hutua juu ya udongo na maji. Arseniki, kwa upande wake, imo ndani ya mwamba wenyewe pamoja na dhahabu. Mwamba ukisagwa na marudio yakaachwa wazi kwa mvua na hewa, arseniki hufunguka na kutiririka. Tafiti katika Bonde la Ziwa Victoria zimekuta baadhi ya vyanzo vya maji mkoani Geita vikizidi kiwango cha arseniki kinachoshauriwa.

Kiwango hicho ni kidogo mno. Shirika la Afya Duniani linashauri arseniki isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa, na zebaki isizidi mikrogramu 6. Kwa mfano, katika lambo lenye lita milioni moja, gramu 6 tu za zebaki iliyoyeyuka zatosha kufikisha kikomo hicho.

Maabara huionaje chembe ndogo kiasi hicho? Sampuli hutiwa asidi, kisha kemikali iitwayo kloridi ya bati, ambayo huigeuza zebaki kuwa mvuke. Mvuke huo husukumwa na hewa hadi kwenye mrija unaopitishwa mwanga wa aina moja tu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 253.7. Atomi za zebaki huufyonza mwanga huo. Kadiri mwanga unavyopungua, ndivyo zebaki ilivyo nyingi. Kiasi hujulikana kwa kulinganisha na maji yaliyotiwa zebaki kwa kipimo kinachojulikana. Kwa arseniki kuna pia kipimo cha haraka cha kisimani: arseniki hugeuzwa kuwa gesi inayobadilisha karatasi maalumu kuwa ya manjano au kahawia. Rangi hiyo hutoa makadirio tu. Uthibitisho hutoka maabara.

Hata hivyo, mashine bora haiwezi kusahihisha sampuli mbovu. Chupa iliyokuwa na soda haifai. Zebaki hunata kwenye plastiki au hupenya, hivyo sampuli yake huwekwa katika chupa ya kioo iliyosafishwa maabara na kutiwa asidi mapema. Pampu huachwa itiririke dakika kadhaa kabla ya kukinga. Chupa huandikwa mahali, tarehe na saa. Chupa nyingine ya maji safi husafirishwa pamoja nayo. Ikikutwa na zebaki, basi uchafu umeingia njiani.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni hili: zebaki haikai sana majini, bali hushika tope. Humo vijidudu huigeuza kuwa zebaki ya methili, inayopanda kutoka kwa wadudu hadi samaki, na kukolea zaidi katika samaki walao wenzao. Kwa hiyo cheti cha maji safi hakiwasafishi samaki wa bwawa lililo chini ya mwalo. Ndiyo sababu huko Rwamagasa, Geita, wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawakupima maji peke yake. Walipima pia tope, samaki, na mkojo na nywele za watu. Mkojo huonyesha zebaki ya mvuke, nywele huonyesha ile ya samaki.

Japani ilijifunza somo hili kwa machungu huko Minamata, ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba uliopewa jina la mji huo ulianza kutumika mwaka 2017, na Tanzania imeuridhia.

Mwananchi anayekitilia shaka kisima hana haja ya kubishana na jirani yake. Mkutano wa kijiji waweza kuomba kupitia afisa afya au RUWASA kwamba maji yapimwe, na majibu yasomwe hadharani yakiwa na mambo matatu: sumu iliyopimwa, kiasi kilichopatikana na kikomo kinachoruhusiwa. Maneno "maji ni salama" bila jina la sumu iliyotafutwa si majibu, kwa maana kipimo cha vijidudu hakisemi lolote kuhusu zebaki.

Wakati majibu yakisubiriwa, dhahabu isichomwe jikoni wala penye watoto, na marudio yasirundikwe juu ya kisima.