Ndiva ya Nauli: Tuwakopeshe Vijana Wetu Wanaopata Muhula Ng'ambo

Hotuba iliyotolewa na mwanachama kijana kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama, Same



Kamati imeniomba nizungumze juu ya muhula mmoja niliosoma Ujerumani. Ya huko nitayasema kwa kifupi, maana ombi langu linahusu hapa kwetu.

Kwanza tuelewane. Kwenda kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi si kuhamia Ulaya. Mwanafunzi anabaki kuwa wa chuo chake cha Tanzania. Anakwenda kwa muhula mmoja au miwili kwenye chuo chenye mkataba na chuo chake, halafu anarudi kumaliza shahada hapahapa. Chuo kinachompokea hakimtozi ada ya masomo. Mpango mkubwa wa namna hii ni Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya. Ulianza mwaka 1987 kwa nchi za Ulaya zenyewe, na tangu 2015 vyuo vya Afrika navyo hupeleka na kupokea wanafunzi. Posho yake ni kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi, kutegemea nchi, na fedha ya nauli iko pembeni. Kwa miezi mitano, posho peke yake inazidi shilingi milioni 10.

Mimi nilikwenda kusoma mambo ya maji na umwagiliaji. Muhula wa baridi unaanza Oktoba, na masomo yanakwisha Februari. Alama za kule zimegeuzwa: 1 ndiyo ya juu kabisa, 5 umefeli. Nilipompigia mama kumwambia nimepata 1.7, alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza kama nitaruhusiwa kurudia.

Siku moja mwalimu alitaka kila mmoja aeleze watu wa kwao wanavyomwagilia. Nikaeleza ndiva: maji yanakusanywa usiku, asubuhi yanafunguliwa, yanakwenda kwa zamu. Darasa zima likaanza kuniuliza. Nani anafungua? Zamu inapangwaje? Mferejini yanapotea maji kiasi gani? La mwisho hilo halikuwa na jibu, kwa sababu hapakuwa na aliyepima. Niliporudi, kazi yangu ya mwaka wa mwisho ikawa kupima mfereji wa kijijini kwetu. Nakala iko kwa kamati ya maji, na mwaka huu wameanza kusakafia sehemu inayovuja zaidi. Hiyo ndiyo faida ya safari hizi: kijana anarudi akiwa na macho mapya ya kutazama kitu alichokulia nacho.

Sasa nije kwenye shida yenyewe.

Ufadhili huu una tundu moja ambalo watoto wa wakulima wa mahindi na tangawizi ndio wanaotumbukia. Vyuo vingi hulipa posho ya kwanza baada ya mwanafunzi kufika na kufungua akaunti ya benki kule. Kabla ya hapo gharama zote ni zake. Pasipoti ni shilingi 150,000. Viza ya kusoma Ujerumani kwa kawaida ni euro 75. Kuna safari za Moshi kwa ajili ya uhamiaji na za Dar es Salaam kwa ajili ya ubalozi, kuna bima ya afya, kuna tiketi ya ndege, na akifika anadaiwa dhamana ya chumba kabla hajakabidhiwa ufunguo. Kwa hesabu yangu, asiyekuwa na karibu milioni tano mkononi hafiki kwenye hizo milioni kumi.

Mimi nilifika kwa sababu baba aliuza ng'ombe wawili na mama mkubwa akakopa kwenye vikoba. Mwenzangu wa darasa moja, mtoto wa kijijini kama mimi, na kwa alama alinizidi, alipata barua ileile. Muda wa viza ukapita akiwa bado anazungukia ndugu. Nafasi yake akapewa aliyekuwa wa akiba, ambaye kwao walilipa tiketi siku hiyohiyo. Kilichomkwamisha mwenzangu kilikuwa mkopo wa miezi miwili.

Ndugu zangu, wazee wetu walijenga madarasa kwa msaragambo na michango, tena wakati fedha ilikuwa ngumu kuliko sasa. Ninachoomba ni kidogo kuliko darasa. Ninaomba chama kitenge mfuko wa nauli wa kuanzia shilingi milioni 10, unaotosha wanafunzi wawili kwa wakati mmoja. Fedha hii isiwe zawadi. Iwe mkopo usio na riba, uende kama maji ya ndiva: yanajaa, yanafunguliwa kwa mwenye zamu, yanajaa tena kwa ajili ya mwingine.

Napendekeza masharti haya. Mwombaji alete barua ya kukubaliwa na mkataba wa masomo uliosainiwa. Awe na wadhamini wawili wa kata yake. Tiketi ilipwe na mweka hazina moja kwa moja kwa wakala. Nusu ya mkopo irudi posho ya kwanza inapoingia, na iliyobaki kabla hajapanda ndege ya kurudi. Akishafika nyumbani, akae siku tatu na wanafunzi wa sekondari zetu, awaeleze njia aliyopita. Kwenye ndiva, asiyefika kuzibua matope alijua faini yake. Na hapa tusioneane haya.

Kwa ninyi wanafunzi: nendeni ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chenu tangu mwaka wa kwanza, muulize mikataba iliyopo. Pasipoti itafuteni mapema, maana inadumu miaka 10. Ulizeni kama chuo kinachowapokea kinaweza kuwanunulia tiketi, vipo vinavyokubali. Na msiondoke kabla mkataba wa masomo haujasainiwa na pande tatu: wewe, chuo chako na chuo cha kule. Humo ndimo inapoandikwa kila somo la huko litahesabiwa badala ya lipi la hapa. Bila karatasi hiyo unaweza kurudi na picha za theluji na muhula wa kurudia.

Kwa ninyi wazazi: najua hofu yenu, hasa kwa mabinti. Upweke upo. Jumapili maduka yamefungwa, giza linaingia saa kumi na moja jioni, na hakuna jirani wa kukugongea mlango. Lakini binti mliyemwamini kwenda bweni akiwa na miaka kumi na minne, mwaminini pia kwa miezi mitano akiwa na ishirini na mbili.

Mwenyekiti, naanza mimi. Ninaahidi shilingi laki tatu, na laki moja kati ya hizo namkabidhi mweka hazina leo hii. Fomu za ahadi ziko mezani kwake. Asiye na laki, aandike alichonacho. Haba na haba hujaza kibaba.