Hotuba ya Kikundi cha Vijana wa Kompyuta



Wengi mmetuuliza: kibao hiki kinachoenea kiganjani ni mchezo au ni kazi? Leo tunajibu.

Kibao hiki ni kompyuta kamili iitwayo Raspberry Pi. Ilianza kuuzwa Uingereza mwezi wa Februari 2012 kwa dola 35, ili vijana wajifunze kuandika programu. Inatumia umeme wa volti 5, hivyo sola ndogo na betri vinaitosha.

Huko Marekani, mwaka 2001, Casey Reas na Ben Fry walianzisha Processing, programu ya kuchora kwa kuandika amri. Tuliipenda, lakini amri zake ni za Kiingereza, na wengi wetu tulisoma Kifaransa. Tukaamua kutunga maktaba yetu ndogo ya amri: nukta, mstari, duara, rangi.

Kioo cha kompyuta ni kama mkeka uliosukwa kwa nukta. Chetu kina nukta 640 kwa upana na 480 kwa urefu, jumla 307,200. Anayetaka mstari lazima aeleze nukta zipi ziwake. Tulifuata njia aliyobuni Jack Bresenham mwaka 1962, ya kujumlisha na kutoa namba nzima tu, isiyokilemea kibao. Hesabu huanzia pembe ya juu kushoto, nasi hatukulijua hilo. Ndiyo maana nyumba yetu ya kwanza ilitokea paa likiwa chini, mkacheka sana.

Lakini siku moja umeme ulikatika tukiwa kazini. Kadi ya kumbukumbu ikaharibika, na kazi ya wiki tatu ikapotea, pamoja na picha ya mtoto aliyekuwa amechora nyumba yao waliyoikimbia. Tuliokolewa na daftari la dada yetu mmoja, aliyenakili kila amri kwa kalamu huku sisi tukimcheka. Kwa daftari hilo tuliandika yote upya, na mtoto akachora nyumba yao tena.

Wazazi, sisi sote tunajua maana ya kuondoka bila karatasi. Sasa tunanakili kila jioni.

Tunaomba mambo mawili: betri ya akiba, na mturuhusu mabinti waje jioni.