Ua la Uani Si Chai

Leo tuongee kuhusu ua. Ndiyo, ua! Usiruke ukurasa, maana ua hili linahusu afya yako na ya wadogo zako.

Wewe unalifahamu. Limeota kando ya ukuta, makaburini, hata mbele ya ofisi ya kata. Lina petali tano, za waridi au nyeupe, na mara nyingi katikati lina kijicho chekundu. Majani yake yanang'aa, yamekaa mawili mawili. Mmea wenyewe ni mfupi, kwa kawaida haupiti mita moja. Watunza bustani huuita vinka. Jina la kitaalamu ni Catharanthus roseus, na asili yake ni Madagaska.

Utasikia mtu akisema, "Chemsha majani yake, yanatibu kisukari." Watu wa Jamaica nao walisema hivyo. Mwaka 1952 majani yalitumwa kutoka huko hadi Kanada, na watafiti Robert Noble na Charles Beer wakayajaribu kwa panya. Sukari haikushuka. Kilichoshuka ni chembechembe nyeupe za damu! Hapo wakajiuliza: je, yanaweza kutibu saratani ya damu?

Kumbe ndiyo. Kutokana na mmea huu zilipatikana dawa mbili, vinblastini na vinkristini. Zinafanyaje kazi? Seli za mwili huongezeka kwa kugawanyika. Dawa hizi huzuia mgawanyiko huo, na kwa kuwa seli za saratani hugawanyika haraka, zenyewe huumia zaidi.

Jambo hili linatuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Hukua upesi mno, unaweza kuwa maradufu ndani ya siku mbili tu. Vinkristini ni mojawapo ya dawa zinazoutibu, na mtoto akiwahishwa hospitali anaweza kupona kabisa.

Sasa utauliza, "Kama ni dawa, kwa nini nisichemshe mwenyewe?" Swali zuri. Hospitalini dawa hupimwa kwa miligramu kulingana na mwili wa mgonjwa, na damu yake huchunguzwa. Hata hivyo nywele hunyonyoka na vidole hufa ganzi. Katika sufuria yako nani amepima? Majani yale yana kemikali zaidi ya 100 zilizochanganyika. Yanaweza kukutapisha na kudhuru mishipa ya fahamu, na kwa mjamzito ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Na mgonjwa wa kisukari akiacha vidonge vyake kwa ajili ya chai hii, anahatarisha maisha yake.

Basi tung'oe? Hapana, tupande! Ni ua zuri na halina gharama:

- Chukua mbegu kutoka vitumba vilivyokauka.
- Zifukie kidogo, maana huota vizuri gizani. Ndani ya wiki 1 hadi 3 utaona miche.
- Hamishia penye jua, sentimita 30 kati ya mche na mche.
- Mwagilia kiasi. Maji yakituama, mizizi huoza.
- Usipande kwenye tuta la mchicha, majani yasije yakachanganyika na mboga. Na wafundishe wadogo zako wasiyatafune.

Mwisho, kumbuka hili. Ukimwona mtoto taya limevimba, au meno yanalegea kabla ya wakati wake, usingoje kuona kama litapungua. Waambie wazazi wampeleke hospitali leo leo, si wiki ijayo. Wakisema wanachemsha majani kwanza, waeleze ulichosoma hapa. Kila siku inayopita ni ya uvimbe, si ya mtoto.

Kazi kwenu, vijana!