Nusu Kaputi na Aliye Tumboni

Kuanzia Kondoa hadi Mpwapwa wapo akina mama ambao, wakiambiwa watajifungua kwa upasuaji, huikataa sindano ya uti wa mgongo na kuomba nusu kaputi. Husahau kwamba kitandani wamelala wawili. Dawa ya nusu kaputi hupita kwenye kondo ikamfikia mtoto, naye aweza kuzaliwa amesinzia. Ya mgongo humfikia kidogo mno.

Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kuwa nusu kaputi inayozidi saa 3, katika miezi 3 ya mwisho ya ujauzito, huenda ikaathiri ubongo wa mtoto. Upasuaji wa uzazi ni mfupi, hivyo daktari akiona hapana budi, isikataliwe. Lakini tusichague kwa kufuata uvumi. Tumwulize mtaalamu wa usingizi. Kuuliza si ujinga.