Nyuma ya Leseni ya Fundi: Mtihani Hutungwaje?



Mtu anapomwita fundi umeme nyumbani kwake, hana namna ya kuupima ujuzi wake. Hutazama leseni, kisha humwamini. Kwa hiyo mtihani uliotangulia leseni hiyo ni mlinzi wa nyumba yake, na ni haki yenu kujua unavyotungwa.

Mtihani dhaifu hutungwa na watu wachache mezani, kila mmoja akiuliza alichosoma zamani. Mtihani madhubuti huanzia kazini. Kwanza, mafundi wazoefu huorodhesha kazi zote wanazozifanya. Kisha orodha hiyo hugeuzwa dodoso na kupelekwa kwa mafundi wengi: wa mjini na wa vijijini, wakongwe na waliopata leseni karibuni. Kuhusu kila kazi, huulizwa mambo mawili: huifanya mara ngapi, na ikikosewa, madhara yake ni makubwa kiasi gani?

Swali la pili lina uzito wa pekee. Kubadilisha soketi ni kazi ya mara kwa mara. Kupima waya wa ethi, ule unaoshuka ardhini, hufanywa mara chache. Lakini waya huo ukikatika, jokofu lenye hitilafu laweza kumuua anayeligusa, na mwenye nyumba asione dalili yoyote kabla. Tungehesabu wingi wa kazi peke yake, upimaji huo ungekosa nafasi katika mtihani. Ndiyo maana alama hugawanywa kwa kufuata majibu ya maswali yote mawili.

Kazi nazo hubadilika. Nchini Marekani, baraza linalosimamia mtihani wa leseni ya wauguzi, NCLEX, hufanya uchunguzi wa namna hii kila baada ya miaka 3, likiwauliza wauguzi walioanza kazi karibuni. Kwa mafundi umeme hapa kwetu, paneli za jua na betri zimeingia majumbani; mtihani usiozitaja umepitwa na wakati.

Hata hivyo, dodoso hueleza kazi ilivyo, si inavyopaswa kuwa. Mafundi wengi wakizoea kuruka upimaji, dodoso litaonyesha kwamba upimaji ni nadra. Hapo ndipo wataalamu wa usalama hupaswa kuyapitia majibu, na hapo ndipo malalamiko yenu huwa ushahidi ambao mafundi wenyewe hawawezi kuutoa.

Basi tunawaomba mambo matatu. Kagueni leseni: daraja lake linaruhusu kazi gani, na muda wake umekwisha au la? Mtakeni fundi apime ethi mbele yenu kabla ya kumlipa. Na kazi ikiharibika, toeni taarifa kwa mamlaka, mkieleza hasa kilichokosewa. Taarifa inayosema tu kwamba fundi ni mbaya haitufundishi kitu. Inayosema kwamba hakupima ethi yaweza kuwa swali katika mtihani ujao.