Ni Mume Wake?

Msikilizaji, usiku mmoja, kwenye saa nane, jirani yetu aligonga mlango akiwa amejitanda khanga, mdomo umevimba, kiatu kimoja mguuni. Mke wangu akamwingiza ndani, mimi nikapiga simu kituoni. Askari alinisikiliza vizuri tu, halafu akauliza: "Ni mume wake?" Nikamjibu ndiye. "Basi mwambie aje asubuhi."

Asubuhi alikwenda. Akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, daktari akaijaza. Jioni wazee wa pande zote mbili wakakaa sebuleni, soda zikanyweka, na ile fomu ikaishia chini ya godoro.

Nasi Tanzania tuna sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Madawati ya jinsia na watoto tunayo vituoni. Lakini mwanamume akishaitiwa polisi, afanywe nini hasa ili asirudie? Hilo wenzetu wa Marekani waliamua kulipima.

Mwaka 1981, katika jiji la Minneapolis, mtafiti Lawrence Sherman na mwenzake Richard Berk waliwagawia askari fomu za rangi tatu, zimechanganywa kwa bahati nasibu. Askari akifika kwenye kipigo cha nyumbani, kile kisichofikia kujeruhi vibaya, anatazama karatasi iliyo juu. Rangi hii, mkamate. Rangi ile, mwondoe nyumbani kwa saa kadhaa. Ya tatu, wape ushauri uondoke. Vile vile dawa zinavyojaribiwa, ila safari hii dawa ni pingu.

Walikusanya kesi 314 na kuzifuatilia kwa miezi sita. Kwa kumbukumbu za polisi, katika kila wanaume 100 waliokamatwa, 10 hivi walirudia. Waliopewa ushauri, 19. Waliotolewa nje wakapunge upepo, 24. Matokeo yalitangazwa mwaka 1984, magazeti yakayadaka. Mwaka uliofuata mahakama moja ya Connecticut ikaamuru mji wa Torrington umlipe Tracey Thurman dola milioni 2.3, maana polisi walipuuza malalamiko yake mpaka mumewe akamchoma visu. Wakuu wa polisi wakaisoma hesabu hiyo haraka kuliko utafiti wowote. Jimbo baada ya jimbo likapitisha amri: mpigaji akamatwe.

Sherman mwenyewe alikuwa ameonya kwamba jiji moja halitoshi. Jaribio likarudiwa katika miji mingine mitano, na majibu yakapishana. La Milwaukee ndilo lililonikosesha usingizi. Pale, mwanamume mwenye kazi akikamatwa alitulia. Ana cha kupoteza. Asiye na kazi alitoka mahabusu akarudi kupiga zaidi.

Halafu, miaka 23 baada ya jaribio hilo, Sherman na Heather Harris wakarudi kuwatafuta wale waliopigwa Milwaukee, watu 1,125, wengi wao wanawake, kwenye rejesta za vifo. Wale ambao wenzi wao walikamatwa walikuwa wamekufa zaidi, kwa asilimia 64, kuliko wale ambao wenzi wao walionywa tu mlangoni. Kwa weusi, vifo vilikaribia kuwa maradufu. Na hawakuuawa na wenzi hao, isipokuwa wachache mno. Wengi walikufa kwa maradhi ya kawaida, moyo na mengineyo. Kwa nini hasa, rejesta ya vifo haisemi. Ninachomvulia kofia Sherman ni kwamba jina alilipata kwa kusema "kamata", na bado akarudi kutazama.

Najua kuna askari anayenisikia saa hizi, chai mkononi, anasema: si unaona, ndiyo maana tunawaambia wakayamalize nyumbani.

Hapana, afande. Rudi kwenye zile karatasi. Minneapolis, Milwaukee, kwingineko kote, watafiti walilinganisha kukamata na kuonya, kukamata na kutenganisha. Katika kila kesi waliyoihesabu, askari alikuwa amekwisha kufika. Amesimama mlangoni na sare yake, amemwona mama, amemwona baba, ameandika. Hata onyo lililoonekana bora Milwaukee lilitolewa na polisi, pale pale, usiku ule ule. "Mwambie aje asubuhi" haikuwa na rangi yake.

Jirani yangu alihama mwaka jana, na watoto wawili na lile godoro. Mumewe bado yupo. Tunasalimiana.